Bagamoyo, Mbudya au Kigamboni? Safari ya siku moja kwa kikundi chenye mfuko mdogo

Kikundi kikishakubaliana kwenda baharini, mabishano huanza siku hiyohiyo. Mmoja ametumiwa picha za kisiwa cha Mbudya, mchanga mweupe na maji ya buluu, na anataka huko. Mwingine anasema Bagamoyo, ili watoto wajifunze historia. Wa tatu anauliza kwa nini msivuke tu Kigamboni mkarudi kabla ya magharibi. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa kikundi fulani na akakosea kwa kingine.

Nawaandikia wanaoshika daftari la michango: mweka hazina wa kikoba, katibu wa kwaya, kiongozi wa wanafunzi wa zamani, dada wa ofisini aliyekabidhiwa kazi ya kupanga safari ya idara. Nalinganisha sehemu hizi tatu kwa sababu mkazi wa Dar es Salaam anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kulipia chumba. Watu wengi huchagua kwa kutazama picha. Mimi nashauri muanze na swali moja: gharama kubwa ya safari hiyo inahesabiwa kwa gari au kwa kichwa? Mkishalijibu, nusu ya mabishano inakwisha.

Hesabu ya gari na hesabu ya kichwa

Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa jiji, barabara ya lami mwanzo hadi mwisho, ukipitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Pesa nyingi inakwenda kwenye gari. Mkishakodi Coaster kwa siku nzima, wakipanda watu 15 au 25 bei ni ileile. Kwa hiyo kila mtu mnayemwongeza anawapunguzia wengine mzigo.

Mbudya ni kinyume chake. Kufika Kunduchi ni rahisi, hata kwa daladala, lakini kutoka pale kila kichwa kina nauli yake ya boti na ada yake ya kuingia eneo tengefu. Mkiwa wengi mnaweza kuzungumza na mwenye boti awapunguzie kidogo au awakodishie boti nzima, ila ada ya serikali haina mazungumzo.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, za kuonyesha njia ya hesabu. Tuseme gari la Bagamoyo ni shilingi 300,000. Kwa watu 15 kila mmoja anatoa 20,000. Kwa watu 25 anatoa 12,000. Tuseme boti na ada ya kisiwani ni 30,000 kwa kichwa. Kwa watu 15 ni 450,000, kwa watu 25 ni 750,000, na mchango wa kila mtu haujashuka hata shilingi. Waulizeni wahusika bei za wiki hiyo, mziingize kwenye hesabu hii, na mtaona wenyewe mstari unakatika wapi. Kwa kawaida kikundi cha watu sita au wanane kinaona Bagamoyo ya gari la kukodi ni ghali na Mbudya inawezekana. Kikifika watu 20 mambo yanageuka.

Kigamboni iko chini ya zote mbili. Nauli ya kivuko cha Magogoni kwa mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na ng'ambo kuna daladala na bajaji. Gharama ya kufika ni ndogo kiasi kwamba watu husahau kuuliza pesa yao itaishia wapi. Inaishia kwenye kiingilio cha ufukwe na kwenye chakula, na hapo ndipo Kigamboni inapowashangaza wengi.

Kuhusu gari la kukodi, msitoe malipo ya awali kabla ya kupata majibu ya maswali haya: mafuta yamo ndani ya bei au hayamo? Posho na chakula cha dereva ni juu ya nani? Mkichelewa kurudi kwa saa mbili, kuna nyongeza? Na kama ni daladala ya mjini mnayoitoa nje ya njia yake, mwenye gari ana kibali cha safari hiyo kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini? Swali la mwisho wengi huona aibu kuliuliza. Ulizeni. Gari likizuiwa na trafiki Mapinga, wanaokaa juani ni watoto wenu.

Kama hamfiki idadi ya kujaza Coaster, Bagamoyo bado haijawatoka. Magari ya abiria ya kwenda huko yanapatikana kituo cha Makumbusho, na watu kumi wanaweza kusafiri kwa nauli ya kawaida kisha wakatumia bajaji mjini. Mnapoteza uhuru wa kusimama mnapotaka, mnaokoa pesa nyingi.

Bagamoyo: siku yenye mambo mengi

Niseme wazi kwamba kwa kikundi kikubwa chenye watu wa rika mbalimbali, mimi huipigia kura Bagamoyo, na bahari siyo sababu kuu. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji huo, unaleta tope, na maji ya Bagamoyo mara nyingi huwa na rangi ya udongo. Anayetaka picha za maji ya buluu atarudi amenuna. Bagamoyo inashinda kwa sababu bibi wa miaka 70, mtoto wa miaka 8 na kijana asiyejua kuogelea wote wanapata cha kufanya.

Anzeni Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti miwili, mkubwa ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Kaole ilikuwa bandari kabla Bagamoyo haijawa mji mkubwa. Mikoko ikaota, tope likajaa, jahazi zikashindwa kukaribia. Ukisimama pale ukaitazama bahari nyuma ya mikoko unaelewa jinsi mji unavyoweza kufa bila vita. Kuna mbuyu wa kale ambao wenyeji husema ukiuzunguka unaongezewa umri, na hakuna kikundi nilichokiona pale ambacho wazee wake hawakuuzunguka. Chukueni mwongozaji wa hapo. Malipo yake mkigawana hayaumi, na bila maelezo yake vijana wataona mawe tu.

Kisha ingieni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulipofikishwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Makumbusho ya misheni ina kumbukumbu za biashara ya utumwa na za watumwa waliokombolewa. Waandaeni watoto kabla ya kuingia. Ni habari nzito, na inafaa wasikie kutoka kwa mtu wanayemwamini. Mjini kuna Ngome Kongwe, majengo ya Wajerumani kutoka siku ambazo Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na milango ya kuchonga kwenye nyumba za mawe. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, nayo iko hapohapo. Ulizieni mapema kama kuna onyesho au mazoezi mnayoweza kutazama.

Kuna mambo mawili ya heshima. Mji mkongwe una wakazi wengi Waislamu na watu wanaishi katika hizo nyumba mnazozipiga picha. Mtu akitoka ufukweni ajifunge khanga au avae shati kabla ya kuingia mitaani. Na Ijumaa mchana msipange kupita na muziki karibu na misikiti.

Kikundi kinachotoka Morogoro, Chalinze au Msata kina faida ambayo wengi hawaikumbuki: barabara ya Msata hadi Bagamoyo, kilomita 64 za lami, inawafikisha pwani bila kugusa foleni za Dar es Salaam. Kwa watu hao ulinganisho huu unakwisha hapa. Nendeni Bagamoyo.

Mbudya: bahari yenyewe

Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Hakuna kijiji kisiwani, hakuna magari, na maji matamu hakuna kabisa. Boti zinatoka upande wa Kunduchi na mnavuka kwa muda wa kama robo saa hivi. Mchanga ni mweupe, maji yanaonyesha miguu yako, na karibu na ufukwe kuna matumbawe na samaki wa rangi ambao mtu akiwa na miwani ya kuzamia anawaona vizuri. Hakuna picha ya Bagamoyo wala Kigamboni itakayoshindana na za hapa. Tena hakuna anayewapita njiani akiwauzia vitu kila dakika.

Kwa kikundi cha vijana wanaojua kuogelea ni siku nzuri sana. Kwa kikundi chenye wazee wenye magoti mabovu, fikirieni tena. Mara nyingi hakuna gati. Mnaingia na kutoka kwenye boti kwa kukanyaga maji, mengine ya magotini, huku chombo kinacheza. Mama mjamzito na mtoto mchanga nisingewapeleka. Choo ni cha kawaida sana. Kivuli ni cha mabanda ya makuti, ambayo hukodishwa, na siku za sikukuu yanawahiwa asubuhi. Mkifika saa sita mchana mtakaa juani hadi jioni.

Jaketi okozi ni jambo la kwanza la kukagua, kabla ya bei. Kila mtu awe na lake, limfunge vizuri, na watoto wapate ya kipimo chao. Nahodha akisema mawimbi ni madogo hayana haja, tafuteni nahodha mwingine. Na mkubaliane saa ya kufuatwa, mchukue namba yake ya simu, sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu hadi mrudi bara.

Ada ya kuingia ni tofauti kwa raia na mgeni, na tofauti hiyo ni kubwa. Kila mtu abebe kitambulisho cha taifa. Kama mna ndugu aliyekuja kutoka Ulaya au Marekani mwenye pasipoti ya huko, mwambieni mapema kwamba atalipa cha wageni, ili pasiwe na manung'uniko ufukweni. Tena ni marufuku kuondoka na kombe, matumbawe au viumbe hai. Watoto huwa wanajaza mifukoni. Wakagueni kabla ya kupanda boti.

Wapo wanaouliza Bongoyo. Boti zake hutoka Slipway, Msasani, safari ni ndefu kidogo, na hesabu yake ya kichwa inafanana na ya Mbudya. Wanaoishi Masaki, Mikocheni au Kinondoni wanaweza kuona wepesi wa kufika. Kwa waliobaki, Mbudya ina nyongeza ambayo Bongoyo haina: pale Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepambwa kwa sahani za Kichina. Mkiwahi asubuhi au mkirudi mapema, mnaonja historia kidogo bila kwenda Bagamoyo.

Kigamboni: karibu na haraka

Kigamboni inawafaa wasio na siku nzima. Mnakutana Magogoni, mnavuka kwa dakika chache, na baada ya muda mfupi mko Mikadi au Mjimwema. Wenye magari wanaweza kupitia Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, ambalo kwa vyombo vya moto lina tozo. Jumapili jioni foleni ya kivuko ni ndefu, na mwenye mtoto aliyechoka anaihisi zaidi. Ondokeni ufukweni kabla ya saa kumi na moja au subirini hadi msongamano upungue.

Fukwe nyingi zinazofahamika zina wenyewe na zina kiingilio. Mahali pengine kiingilio hicho hurudi kama soda au chakula, pengine hakirudi. Bei hupanda Pasaka, Idi na Krismasi. Sehemu nyingi hazikubali chakula wala vinywaji kutoka nje, na kikundi kilichobeba masufuria ya pilau kikaachwa getini ni kitu cha kusikitisha. Pigeni simu wiki moja kabla, semeni idadi yenu, ombeni bei ya kikundi na ulizeni kuhusu chakula. Wengine hukubali mkiwa zaidi ya 20 na mkalipia viti na mahema.

Jambo jingine ni mawimbi. Kuanzia Mjimwema kuelekea kusini ufukwe unatazamana na bahari wazi, na mkondo unaweza kumvuta hata mwogeleaji hodari. Watoto wabaki kwenye maji ya magotini, na mtu mzima mmoja asiyeoga apewe kazi ya kuwahesabu tu. Bagamoyo maji ni ya kina kifupi na matulivu zaidi; kwa watoto wadogo tofauti hiyo ina uzito kuliko uzuri wa mchanga.

Kabla ya kutaja tarehe, tazameni mwezi

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, na ni kitu cha bure kabisa kukijua. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, karibu na tarehe 7 na 22, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, yanajaa kuelekea saa nne asubuhi na kupwa alasiri.

Sasa weka hayo kwenye sehemu zetu tatu. Bagamoyo siku ya bamvua, mkifika saa nne mnaikuta bahari imekwenda mbali, na anayetaka kuoga atatembea kwenye tope hadi achoke. Lakini siku hiyohiyo ni nzuri mno kama mmepanga vizuri: asubuhi Kaole na misheni, chakula saa saba, kisha saa tisa maji yanawafuata ufukweni. Mkienda siku ya maji mafu, geuzeni: ogeni asubuhi, matembezi alasiri.

Mbudya wakati wa bamvua boti zinaweza kupata shida kukaribia bara maji yakiwa yamepwa, na mtatembea hatua nyingi zaidi majini mkiwa na mizigo. Kigamboni bamvua ya jioni hula ufukwe na kuwasukuma watu kwenye ukuta au minazi. Kwa safari ya visiwani napendelea siku za katikati au za maji mafu, kwa watu wanaotaka kuoga tangu asubuhi.

Msimu nao unachagua. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, hewa ni ya kupendeza lakini upepo ni mkali, na kurudi kutoka Mbudya alasiri mnaweza kulowa hadi kifuani. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto ni kali ila asubuhi bahari imetulia. Ndiyo miezi ya visiwani. Masika, kati ya Machi na Mei, kisiwa hakina pa kujificha mvua. Bagamoyo ina makumbusho yenye paa. Kama tarehe ya kikundi haibadiliki na imeangukia Aprili, jibu ni hilo.

Chakula

Bagamoyo ndiko chakula cha kikundi kinakopungua bei kwa urahisi. Mnaweza kupika nyumbani usiku, mkabeba wali na kachumbari, kisha mkanunua samaki, ngisi au pweza wa kukaanga karibu na soko la samaki. Mbudya kuna wanaochoma samaki na kukaanga chipsi, watamu kweli, lakini kila kitu kimevushwa kwa boti na bei inaonyesha hivyo. Ulizeni bei ya samaki kabla hajaingia motoni, na akionyeshwa ukubwa wake kila mtu aone. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, lita moja na nusu kwa mtu isiwe pungufu. Vyakula viwe kwenye vyombo na vikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na taka zote zirudi nanyi.

Nani aende wapi

Kikundi cha 20 na zaidi, chenye watoto, wazazi na wazee: Bagamoyo, kwa gari la kukodi, siku ya karibu na mwezi mpevu ili jioni maji yawe yamejaa. Kwa shule na madrasa pia naisema hiyohiyo bila kusita.

Marafiki wanane hadi kumi na wawili, wote wanaojiweza majini, wenye akiba ya kutosha ya kila mmoja: Mbudya, kati ya Desemba na Februari, muwe Kunduchi saa mbili asubuhi.

Kikundi kinachokutana kwa mara ya kwanza, ambacho nusu ya watu hawajathibitisha: Kigamboni kwa kivuko. Mtu akikosa kuja, aliyebaki haongezewi mchango, kwa sababu hakuna gari lililokwisha kulipiwa. Hilo kwa mweka hazina ni pumziko kubwa.

Kwa Bagamoyo na Mbudya, wekeni siku ya mwisho ya kulipa iwe siku kumi kabla ya safari, na atakayelipa baada ya hapo aingie iwapo kuna nafasi. Mtoto chini ya miaka mitano asichangishwe kiti kama anapakatwa, lakini jina lake liandikwe kwenye orodha ya kuhesabia watu wakati wa kurudi.